Mabakuli Sitini Yenye Chapa ya Ng'ombe

Mara ya kwanza Klementina alipoingia dukani kwangu pale Bariadi, alitaka kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukiulizia: mishumaa iliyovunjika. Mizima ilikuwa imepangwa mbele yake kwenye rafu, wala hakuitazama. Alitaka ile iliyokatikia ndani ya boksi, ile iliyopinda kwa joto la stoo mpaka ikawa kama ndizi, hata makombo.

Mimi nauza vyombo na vikorokoro vya nyumbani: masufuria, ndoo, vikombe, kamba, mishumaa. Nilianza na birika moja la chai kwenye mnada wa ng'ombe, na pale nilijifunza kwamba mtu akikitaka kibovu na kukiacha kizima, basi hicho kibovu kina faida ambayo wewe bado hujaijua. Kwa hiyo nikamwambia mishumaa iliyovunjika bei yake ni ileile ya mizima, kwa sababu inawaka vilevile.

Akanitazama. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, kitenge amekifunga juu, na kucha zake zina udongo mwekundu ambao haukuwa wa shamba.

"Mayu," akasema kwa upole, vile Wasukuma wanavyomwita mama wa heshima, "mimi siiwashi. Utambi nautupa. Nipunguzie utambi."

Nikacheka, nikampunguzia bei ya utambi. Lakini nilimwuliza anaipeleka wapi, naye hakusema. Akaja mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya kaunta, akasubiri nikifungue.

Lilikuwa bakuli la udongo, ila linang'aa, la kijani kama jani la pamba lililonyeshewa. Kwenye tumbo lake ulizunguka mstari wa vipembetatu vidogo vyekundu, udongo mtupu. Nikapitisha kidole: kijani kinateleza kama sahani ya dukani, chekundu kinakwaruza. Nikamwuliza amewezaje kupaka rangi kuzunguka michoro myembamba namna ile bila mkono kuteleza.

Akasema hazunguki chochote. Anachora kwanza kwa nta, halafu anachovya bakuli zima ndani ya glezi. Glezi ni unga wa mawe na kioo uliokorogwa kwenye maji. Bakuli lililochomwa mara moja likichovywa humo na kuchomwa tena, ule unga unayeyuka na kuwa kioo. Penye nta maji hayakamati. Nta inaungua, inatoka moshi, udongo unabaki wazi. Alichanganya mishumaa yangu na nta ya nyuki na mafuta kidogo ya pamba ili brashi itembee. Hata vitako alivipaka nta, visije vikagandamana na matofali ya tanuri.

Nikamwuliza, na mkono ukikosea? Akasema hapo ndipo anapolala macho. Nta ikishagusa udongo haifutiki. Ukiisugua unaitandaza. Haitoki ila kwa moto.

Neno hilo nililisikia nikaliacha lipite. Nilichokuwa nakitazama ni lile bakuli.

Klementina ni mzaliwa wa Lalago, akaolewa Ipililo na mkulima wa pamba aliyeitwa Januarius. Ufinyanzi alifundishwa na mama yake; glezi alijifunza kwa masista, kozi ya miezi mitatu. Januarius alimjengea tanuri la matofali nyuma ya nyumba, linalokula kuni na maganda ya mbegu za pamba kutoka kiwandani. Kisha kifua kikamwondoa Januarius. Mwaka wa nne huu mama huyu anakula kwa tanuri lile. Mwanawe Dastan yuko Mwanza, na kinachofika kutoka kwake zaidi ni salamu. Tanuri lilisimama ndani ya boma la shemeji yake, Bujiku, mkubwa wa ukoo. Hilo nalo nililisikia, sikulipa uzito. Nilitakiwa nilitilie maanani.

Wakati huo Marcelo, mtu ninayemuuzia vyombo, alikuwa anafungua hoteli yake karibu na stendi. Nikampelekea lile bakuli. Akaligeuza, akaligonga kwa kucha, akasema anataka sitini kwa ajili ya supu ya asubuhi, Jumamosi ya ufunguzi yawe mezani. Sharti lake lilikuwa moja: yawe na alama ambayo hoteli nyingine haina. Nikampa neno langu, na neno langu Bariadi lina uzito kwa sababu sijawahi kulirudisha.

Klementina nikampa kazi hivyohivyo nilivyoipokea. Nikamwambia aweke alama ambayo mtu mwingine hana. Sikumwuliza ataweka ipi.

Simu yake ilikuja Jumanne asubuhi. Sauti ilikuwa chini, kama mtu aliyejifungia chumbani.

"Mama Muzdalifa, njoo. Usimtume mtu, njoo mwenyewe. Shemeji amekalia mabakuli."

Nilidhani ameyakalia kweli, yamevunjika. Njia nzima mpaka Ipililo nilikuwa nahesabu siku: Jumanne hii, Jumatano, Alhamisi kuchoma, Ijumaa kupoa, Jumamosi. Haikubaki siku ya kukosea.

Mabakuli yalikuwa mazima, sitini, yamepangwa juu ya mkeka, yamechomwa mara moja, na kila moja lina mchoro wa nta kwenye tumbo. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa mzee mwenye fimbo ya kuchungia, mguu mmoja ameuweka juu ya ukingo wa mkeka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Mwenye hasira unamngoja apoe.

"Mwadila," nikamsalimia.

"Mwadila, mama wa mjini. Njoo uone ng'ombe wangu."

Nikainama. Mchoro ulikuwa pembe mbili zilizotazama juu na nukta moja katikati. Klementina alikuwa amesimama mlangoni anabandua nta iliyoganda kwenye vidole, kipande kwa kipande, hata vidole vilipokuwa vimekwisha kuwa safi aliendelea kubandua.

Nilielewa kabla hawajanieleza. Alitafuta alama ambayo mtu mwingine hana, na alama ya namna hiyo aliijua moja tu. Miaka ishirini ameiona kwenye mapaja ya ng'ombe wa nyumba ile. Kwake ilikuwa alama ya mumewe. Kwa Bujiku ilikuwa chapa ya boma.

Bujiku alieleza taratibu. Chapa ile babu yake aliichonga, na kila mnyama aliyeivaa ni wa boma. Ng'ombe wake wakiibiwa, anawatambua kwa hiyo mbele ya sungusungu, mbele ya polisi, hata huko Meatu. Sasa ikikaa mezani hotelini, kila mla supu aione kila asubuhi, si ni kumfundisha mwizi? Kesho mtu anaichongea chuma, anachoma ng'ombe wa watu, lawama zinarudi Ipililo. Kwa hiyo mabakuli hayatoki. Yana chapa, ni ya boma. Na yaliyozaliwa na tanuri la boma yangekuwa ya nani tena?

Hapo Klementina aliacha kubandua nta.

Nilitaka kubishana lakini sikuwa na cha kushika. Hofu ya mwizi ilikuwa hofu ya kweli. Mimi mwenyewe nimeona mnadani watu wakishikana mashati kwa ajili ya chapa ya kughushi. Nikamvuta Klementina pembeni, nikamwuliza kama anaweza kuyachoma hivihivi nta itoke, achore kitu kingine. Akatikisa kichwa. Kuchoma na kupoa ni siku mbili, na maganda aliyonayo yanatosha moto mmoja tu. Kiwanda kilishafunga msimu. Vipi akipaka glezi juu ya nta kwa brashi? Haishiki. Ndiyo kazi ya nta.

"Akisema tanuri ni la boma," akaninong'oneza, "nitakuwa nachoma kwa kuomba. Siku atakayokataa, nimekwisha."

Basi mabakuli yalikuwa ya Marcelo, na neno lilikuwa langu, lakini mwenye kupoteza alikuwa Klementina. Nilirudi kukaa kwenye jiwe mbele ya Bujiku, nikakaa kimya kama ninavyokaa mteja akitaja bei ya kijinga. Katika kukaa kwangu kimya nikaukumbuka mnada.

Nilipokuwa nauza chai, niliwaona wenye ng'ombe wa upande huu wakiuza. Bei ikikubalika, mwuzaji hachomi chapa mpya. Anachukua chuma chembamba, anapiga mstari mmoja wa mshazari juu ya chapa ya zamani, toka ukingo hadi ukingo. Wanauita mkato. Mnyama mwenye mkato ametoka kwao kwa haki. Si wa boma tena, wala si wa wizi. Na chapa yenye mkato mwizi haimsaidii kitu, maana inasema yenyewe kwamba imekufa.

Nta haifutiki, lakini kuiongeza inawezekana.

"Mzee," nikamwambia, "ng'ombe wenu akitoka bomani anatokaje?"

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Anatoka na mkato."

"Basi wakate hawa."

Aliokota bakuli moja, akaligeuza, akapitisha ukucha wake mnene mshazari juu ya pembe, kama anapima. Nikajua wazo limeingia. Ila mtu wa ng'ombe hawezi kuachia hivihivi.

"Ng'ombe hakatwi bure," akasema. "Akitoka mmoja, boma linapokea kitu. Na shahidi awepo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nitaje cha kwangu. Klementina akaniwahi. Alikuja kutoka mlangoni akapiga magoti kidogo kama mke wa ukoo anavyofanya, lakini sauti haikupiga magoti.

"Shemeji, kuna ng'ombe wawili wa Januarius kwenye zizi lako. Boma lichukue hao."

Bujiku alisugua fimbo. "Na ndama wao?"

"Na ndama. Lakini tanuri linatoka pamoja na mabakuli. Tanuri na pale liliposimama."

"Tanuri halijakatwa. Halina hata chapa."

"Ndiyo," Klementina akasema. "Umesema mwenyewe, chenye chapa ndicho cha boma."

Sikucheka, japo ilinibidi nitazame chini. Miaka mingi nimenunua na kuuza, na sijaona mtu akinaswa vizuri namna hiyo kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Mzee alipiga hesabu. Wawili na ndama wao ni kitu. Tanuri kwake lilikuwa matofali. Wala hakuwa mtu wa kurudisha maneno yake mbele ya mgeni. Alikubali kwa kukohoa.

"Shahidi," akasema.

Nikasema shahidi niko hapa. Akatikisa fimbo. Akasema mimi ni mnunuzi, na shahidi ni mtu asiyepata kitu. Nikataja majirani. Klementina akajibu kabla yake: kijiji kizima ni ndugu zake Bujiku, hakuna atakayesimama siku moja kusema tanuri si la Bujiku. Mzee hakukanusha. Nadhani alikuwa ameliona shimo hilo tangu mwanzo, akalifunika kwa majani akangoja.

Wakanitazama wote wawili. Niseme ukweli, nilikasirika. Ili niwe shahidi ilibidi nisiwe mnunuzi: kazi ya Marcelo iwe kati yake na Klementina, mimi nitoke mikono mitupu. Lakini nikiwa mnunuzi bila shahidi, hakuna mabakuli, na Jumamosi Marcelo anapakua supu kwenye vibakuli vya plastiki akitaja jina langu kwa kila mteja. Nilipima hivi na hivi. Faida ya kazi moja niliijua ukubwa wake. Neno langu likivunjika, sikujua hasara ingeishia wapi. Nikachagua kupoteza ninachokijua.

"Mimi si mnunuzi tena," nikasema. "Ni shahidi."

Klementina hakusema asante. Alisema, "Lala hapa. Kesho asubuhi washa jiko."

Jumatano asubuhi tukakaa chini, yeye na brashi, mimi na jiko la mkaa na kopo la nta. Kazi yangu ilikuwa kupepea nta isipoe, maana ya moto inanyonywa na udongo, iliyopoa inakaa juu kama ukoko na kubanduka. Alinieleza mara mbili. Bakuli moja, mkato mmoja, mkono usitetemeke, kwa sababu ukitetemeka hakuna kurudi nyuma. Alikuwa anabana pumzi kila mstari, na mimi nikajikuta nabana naye. Yakabaki kama kumi hivi, ndipo simu yangu ikalia. Marcelo. Nikasimama pembeni kumweleza kwamba sasa mwenye kazi ni Klementina, amlipe yeye, namba yake hii hapa. Alikuwa na maswali. Niliporudi mkaa umefunikwa na jivu, na Klementina anamalizia la mwisho bila kuinua macho.

Nikamwuliza kama nta ilikuwa ya moto. Akasema, "Nafikiri." Tukatazamana. Hakukuwa na namna ya kujua mpaka tanuri lifunguliwe.

Mchana akachovya yote ndani ya glezi, akafuta matone juu ya nta kwa sponji. Alhamisi alichoma tangu alfajiri hadi jua linazama, akazima. Mimi nilirudi Bariadi kufungua duka, na Ijumaa nzima sikupatana na mtu. Nilimuuzia mteja kikombe chenye ufa, akakirudisha.

Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa Ipililo. Bujiku alikuwa ameshafika, amevaa koti. Klementina aliweka kiganja kwenye matofali ya mlango, akakiondoa, akakiweka tena. Akaanza kuyatoa, tofali moja moja.

Yalitoka yaking'aa, bado yana uvuguvugu. Pembe nyekundu, nukta nyekundu, na mshazari umezipitia. Bujiku aliyapokea moja moja, akitazama tumbo la kila bakuli kama anavyotazama meno ya ng'ombe, kisha analilaza upande wake wa kulia. Kumi. Ishirini. Arobaini. Nilianza kupumua. La hamsini na tatu alilishika muda mrefu, akaligeuzia kwenye mwanga, akalisugua kwa kidole gumba.

"Shahidi," akaniita. "Njoo uniambie unaona nini."

Glezi ilikuwa imepita juu ya mkato. Ukilijua ungeona kivuli chake chini ya kijani, hafifu kama mshono. Lakini pembe zilikuwa nzima na nukta ilikuwa nzima. Mkaa wangu, simu yangu.

Ningeweza kusema naona mkato. Kivuli kilikuwepo. Lakini shahidi aliyedanganya kwenye bakuli, kesho wanasema alidanganya kwenye tanuri, na tanuri ndilo lililokuwa kubwa. Bujiku alijua hivyo. Alikuwa hapimi bakuli, alikuwa ananipima mimi.

"Naona chapa nzima," nikasema. "Huyu hajakatwa."

"Hajakatwa," akasema Bujiku.

Akaliweka kushoto kwake, peke yake. Kisha akaendelea na lile lililofuata. Yaliyobaki yote yalikuwa na mkato. Alipomaliza alisimama, akakung'uta koti, akaliokota la kushoto akalifunga kwenye kitambaa chake. Huyu ni wa boma, akasema, anarudi zizini. Wengine wameuzwa. Na tanuri je, nikamwuliza, kwa sababu nilitaka lisemwe kwa mdomo wake. Akalitazama tanuri kama mtu anayeangalia mvua iliyomkosa.

"Halina chapa," akasema, akaondoka.

Klementina alikaa chini palepale kwenye majivu, akaanza kufunga mabakuli kwa majani makavu. Nikamsaidia kufunga.

Marcelo alipokea hamsini na tisa. Kwao ni Lalago, kwenye ng'ombe. Alivua la kwanza majani, akaona mshazari, akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema nimemletea kundi zima la ng'ombe waliouzwa, na mmoja kapotea njiani. Lakini supu ilipakuliwa humo asubuhi ileile. Pengo la bakuli la sitini alilijazia kikombe.

Bujiku ana ng'ombe wawili na ndama wawili zaidi, na wote sasa wanahesabiwa wake bila mtu wa kuuliza. Nasikia lile bakuli mkewe anampakulia mlenda. Klementina hana ng'ombe hata mmoja, na hawezi tena kuchora pembe na nukta. Ile ilikuwa alama ya mumewe, ameiacha zizini. Anachochora siku hizi ni mkato peke yake, mstari mmoja wa mshazari, ambao si wa boma lolote. Tanuri ni lake. Marcelo ameagiza sahani, ameagiza na vikombe, na anampigia yeye moja kwa moja. Mimi sipo katikati, wala siwezi kuingia, maana siku nitakayokuwa mnunuzi wake ushahidi wangu umekufa.

Nilichobakiwa nacho ni mishumaa. Bado anainunua kwangu, iliyovunjika na iliyopinda, kila mwezi boksi mbili. Utambi nimeacha kumpunguzia. Hajauliza kwa nini.